Utafiti wa sera Makerere: wafadhili wa hisani au mfuko wa serikali?
Kwa ukubwa wa fedha na muda wa utafiti, wafadhili wako mbele. Majaribio ya tohara na UKIMWI kule Rakai, wilaya ya Uganda, sehemu yake ikilipiwa na Gates Foundation, yalichapisha matokeo makuu mwaka 2007. Kufikia 2010 Uganda ilikuwa na sera ya tohara. Lakini mfadhili akibadili vipaumbele, madodoso yaliyojazwa vijijini hubaki kwenye maboksi chini ya meza, hayajaingizwa kwenye kompyuta. Hilo linaniuma, maana wanavijiji walitoa muda wao.

Mak-RIF, mfuko wa utafiti na ubunifu wa Chuo Kikuu cha Makerere ulioanza 2019 kwa fedha za serikali, hufuata vipaumbele vya nchi, ila hutegemea bajeti ya mwaka.

Swali lako la utafiti linahitaji miaka mitano? Tafuta mfadhili. Wizara inasubiri jibu mapema? Anzia Mak-RIF.