Gitaa la bluzi na jazi kwa simu: kozi niliyolipia na ile ya bure

Kazi yangu ni kutoa mizigo forodhani Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya. Kutwa ni madereva, karatasi na Kiswahili. Jioni narudi Tororo, nakula, nafunga mlango wa chumba cha nyuma na kuchukua gitaa. Sina mwalimu wa kukaa naye. Mji wetu una wapigaji hodari wa kanisani, lakini nilipowauliza kuhusu bluzi walinionyesha kodi (sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) tatu za mapambio wakaniambia ni hizohizo. Kwa hiyo nimejifunza mtandaoni, miezi kumi na minne sasa, na kwa kuwa wenzangu wawili ofisini wameniuliza waanzie wapi, naandika niliyoyaona.

Kwetu nyumbani jazi ilikuwa OK Jazz ya Franco, rumba ya Kongo, basi. Bendi ile ilizaliwa Léopoldville, Kinshasa ya leo, mwaka 1956, na hata Tanzania walikuwa na Morogoro Jazz na Dar es Salaam Jazz, zote za muziki wa dansi. Jazi ya Wamarekani sikuijua. Siku moja dereva aliyekuwa akisubiri hati zake aliacha mlango wa lori wazi, redio inapiga, nikasikia gitaa likisema neno moja, likanyamaza, likangoja, kisha likasema jingine. Nilisimama pale na faili mkononi mpaka wimbo ukaisha. Dereva akaniambia, "Huyo ni B.B. King, dada." Ni mpiga gitaa wa bluzi, Mmarekani. Mwezi uleule nikanunua gitaa Kampala, la mbao, lisilo la umeme, shilingi 420,000.

Nilianza na kozi ya kulipia, dola 20 kwa mwezi, kwa kadi ya benki. Jina lake nitaliacha. Ilikuwa na masomo zaidi ya 200 ya bluzi na jazi, picha safi, na mwalimu ambaye vidole vyake vinateleza kama maji. Tatizo ni kwamba alifundisha mkono wa kushoto tu. Somo la kwanza kodi tatu, la nne tayari tuko kwenye skeli (ngazi za sauti) ambazo hata majina yake sikuweza kuyatamka, na hakuna aliyeniambia mkono wa kulia ufanye nini. Nilikuwa na sauti sahihi zote, lakini ukinisikiliza ungedhani nahesabu magunia. Video zenyewe hazikuruhusu kuhifadhiwa kwenye simu. Mtandao wa jioni ukidhoofika, au Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, ikiisha na kisanduku cha intaneti kikazima, somo limekufa. Nilijitoa baada ya miezi minne, wakakata pesa ya mwezi wa tano. Nimewaandikia mara tatu, na hadi leo haijarudi.

Haki yao niwape: walitoa faili za ngoma na besi za kupigia juu yake, na hizo ziliruhusiwa kupakuliwa. Bado ninazo, na natumia ile ya polepole karibu kila siku.

Kisha nikaenda JustinGuitar, tovuti ya Justin Sandercoe, mzaliwa wa Tasmania, Australia. Ipo tangu mwaka 2003 na masomo yake mengi ni ya bure kabisa. Yeye anang'ang'ania mguu: gonga mguu sakafuni kabla hujagusa uzi, na usipoweza kupiga huku unagonga, bado hujajua. Nililazimika kurudi nyuma, mimi niliyekwisha kulipa dola 100 kwingine, hadi kwenye somo la wanaoanza: bluzi ya baa kumi na mbili (kila baa ni mapigo manne ya mguu), kwa mwendo ambao Wamarekani wanauita shafoo. Nilikaa hapo wiki sita, na sijutii hata siku moja.

Shafoo ndiyo iliyonisumbua kuliko yote. Mwalimu anaeleza kwamba kila pigo la mguu lina vipande vitatu. Unapiga cha kwanza, unaruka cha pili, unapiga cha tatu. Kwa akili nilielewa. Kwa mkono, kila nikipiga vinakuwa viwili vilivyo sawa. Nilikuja kuipata kwa shangazi yangu, upande wa Nagongera. Wasichana watatu walikuwa wakitwanga karanga, kinu kimoja na michi mitatu, kila mmoja kwa zamu yake: du-du-du, du-du-du. Nikamwomba wa katikati ainue mchi wake juu asiushushe, na wenzake wasibadili chochote, waache nafasi yake vilevile ilivyo. Ikawa du… du-du… du-du… du. Shangazi akauliza, "Mwanangu, unataka karanga zisagike au la?" Nilikuwa tayari nagonga mguu. Usiku ule nilipochukua gitaa, mkono wa kulia ulijua pa kukaa. Tangu siku hiyo, nikipotea kwenye mwendo, namrudisha kichwani yule msichana wa katikati, anyanyue mchi anyamaze.

Baada ya mkono wa kulia kutulia ndipo kodi zikaanza kunipa raha. Umbo la bluzi katika A ni jepesi kulikumbuka: baa nne za A7, mbili za D7, mbili za A7, moja ya E7, moja ya D7, kisha mbili za A7. Kwa hiyo wale wa kanisani walisema kweli, ni kodi tatu. Lakini masomo ya jazi yakanionyesha kwamba huhitaji kubana nyuzi zote sita. Unashika tatu tu, na mkono wa kulia unazinyamazisha nyingine. Weka A7 hivi (freti ni vile vyumba vya shingo ya gitaa, na uzi wa sita ni ule mnene kabisa): uzi wa sita freti ya tano, uzi wa nne freti ya tano, uzi wa tatu freti ya sita. Ukitaka D7, besi inahamia uzi wa tano, freti ileile ya tano, na vile vidole viwili vya juu vinarudi nyuma freti moja tu. Ukitaka E7, besi inakwenda uzi wa tano freti ya saba, na vidole vilevile, ukihesabu kutoka pale vilipokuwa kwenye A7, vinasogea mbele freti moja badala ya kurudi nyuma. Bluzi nzima imekaa ndani ya freti nne! Nilipoliona hilo nilipiga usiku ule hadi jirani akabisha hodi.

Jirani huyo ni mzee aliyepiga mi-solo, gitaa la kati ya ridhimu na solo, katika bendi za rumba enzi zake. Hakuja kulalamika. Alikaa, akasikiliza, akasema, "Mwanangu, kodi zako ni nzuri, lakini unazikimbiza. Mwache mwenzako wa besi atembee." Akanieleza kwamba kwenye bendi mpiga ridhimu mzuri hasikiki akiwepo, anasikika asipokuwepo. Nilikuwa nimesoma wiki hiyo kuhusu Freddie Green, mpiga gitaa wa ridhimu aliyeingia bendi ya jazi ya Mmarekani Count Basie mwaka 1937 na akabaki humo mpaka alipofariki mwaka 1987, akipiga kodi ndogo kama hizi, mapigo manne kila baa, bila hata kutaka solo. Nilimwambia mzee habari zake. Alitikisa kichwa muda mrefu, akaniomba jina lile nimwandikie.

Hiki ndicho video haikupi. Hakuna mtu ndani ya simu anayekusikia. Nilijaribu pia mwalimu wa moja kwa moja kwa simu ya video, vipindi viwili. Alinisahihisha kidole gumba, na hilo lilikuwa na faida kubwa, ila sauti inachelewa kufika, kwa hiyo kupiga pamoja haiwezekani; mnapokezana tu. Kama unaye mzee wa rumba, mpiga kadongo kamu (nyimbo za Uganda za gitaa moja), au yeyote mwenye masikio karibu nawe, mpelekee ulichojifunza mara moja kwa wiki, hata kama hajawahi kusikia bluzi. Mwendo ataujua.

Jambo jingine ambalo kozi zote mbili hazikunionya mapema: walimu wengi wa bluzi wanashika gitaa la umeme. Wanapovuta uzi mpaka sauti ilie, kwao ni rahisi. Gitaa la mbao la dukani huja na nyuzi nene, na ule wa tatu, ambao bluzi inaupenda kuuvuta, mara nyingi umezungushiwa waya wa shaba. Nilivuta hadi ngozi ya kidole ikapasuka na sauti haikupanda hata nusu. Sikuwa dhaifu, nyuzi ndizo zilizokuwa mbaya kwa kazi hiyo. Omba seti nyembamba, inayoanza na uzi wa unene wa inchi 0.010, na mpaka uipate, teleza kidole kutoka freti hadi freti badala ya kuvuta. Wazee wengi wa bluzi waliteleza kwa shingo ya chupa na ikalia vizuri.

Kuhusu data, shusha ubora wa picha ya video hadi 360p. Vidole vinaonekana vya kutosha, na bando langu linakwenda karibu mara nne zaidi. Punguza pia kasi ya video hadi 0.75; sauti haishuki, inakwenda polepole tu. Mimi huangalia somo mara mbili bila gitaa, naandika kodi kwenye daftari, kisha nazima simu na kupiga kutoka kwenye daftari. Simu ikiwa wazi macho yanaifuata na masikio yanalala.

Kwa anayeanza, ningemwambia asilipe hata senti miezi sita ya kwanza. Masomo ya bure ya JustinGuitar yanatosha kwa shafoo, kwa baa kumi na mbili na kwa skeli ya kwanza. Ukishaweza kupiga baa hizo dakika tano bila mguu kupotea, hapo kozi ya kulipia itakuwa na cha kukuongezea, na kabla hujatoa kadi waulize mambo mawili: je, video zinahifadhika kwenye simu, na je, kujitoa kunafanywaje. Mimi kwa sasa niko kwenye baa ya tisa na ya kumi, pale wapigaji wa jazi wanapoondoa E7 na D7 na kuweka Bm7 kwenda E7. Mzee ameanza kuja siku za Jumapili na gitaa lake, na pale hasa, kwenye Bm7, ananitaka nirudie.