Yidaki yangu toka Arnhem Land, uzoefu wangu kuipiga na kuitunza

Watu wananiuliza sana kama ile didjeridu niliyonunua, lile bomba refu la mbao la kupuliza la Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, inastahili hela niliyotoa maana ni dola mia tano na ushee za Australia, nauli ya mzigo mbali. Jibu langu ni inastahili kabisa, ila sio kila kinachouzwa kwa jina hilo ni kitu kimoja, na hapo ndo wengi wanapigwa.

Mimi naishi Melbourne. Huku maduka ya watalii yamejaa didjeridu za mianzi na za mbao laini zimepakwa vidoti vya rangi juu mpaka chini, bei chee. Moja nilipewa zawadi na mwenzangu kazini. Ukiipuliza pumzi yote inakimbia, tundu la mdomoni ni pana na ndani ni wazi tupu hakuna kinachokusukuma kurudi, yaani mapafu yanaisha hata sauti haijatulia. Na nyingi hata hazitoki Australia. Mwaka 2019 Mahakama ya Shirikisho ya huku iliipiga kampuni moja faini ya dola milioni 2.3 kwa kuuza maelfu ya vitu, didjeridu zikiwemo, vilivyoonekana kama kazi za mikono za Waaborijini kumbe vimetengenezwa Indonesia. Inauma, kwa sababu wenye chombo chao wapo, wanakitengeneza mpaka leo, na hela inatakiwa iwafikie wao.

Basi mimi nikaagiza kwenye kituo cha sanaa kinachomilikiwa na jamii yenyewe huko Arnhem Land, kaskazini kabisa mwa Australia. Wayolngu, Waaborijini wa mashariki mwa Arnhem Land, didjeridu yao wanaiita yidaki, ukienda magharibi unakuta aina iitwayo mago ambayo kwa kawaida ni fupi kidogo na staili yake ya kupiga ni nyingine. Yangu ilikuja na cheti chenye jina la fundi, ukoo wake na aina ya mti, na mti wenyewe ni gadayka, mkaratusi unaoliwa na mchwa kuanzia katikati ukiwa bado umesimama porini. Fundi anapita akigonga shina moja moja anasikiliza, ukisikika mtupu anaukata, anamenya gome, anazibua ndani, anachonga ukuta uwe mwembamba. Ukimulika tochi ndani ya yangu unaziona njia za mchwa, vibonde na vinundu, na huku juu tundu ni kama sentimita 3 tu halafu linapanuka kushuka chini. Kwenye ule wembamba wa juu ndo kuna siri yote. Pumzi inakutana na ukinzani, midomo inatetemeka kwa nguvu kidogo tu, na unabaki na hewa ya kutosha mashavuni kufanya ile kazi ngumu.

Kazi ngumu yenyewe ni kupumua kwa mzunguko. Mashavu yanajaa hewa, unayabana hewa itoke mdomoni, na sekunde hiyo hiyo unavuta nyingine puani, sauti isikatike. Wapiga zumari wetu wa pwani wanafanya hivyo hivyo toka zamani, kwahiyo usiambiwe eti ni miujiza. Zoezi lililonisaidia kuliko yote ni mrija ndani ya glasi ya maji: pulizia mapovu, vuta hewa puani bila mapovu kukatika. Ukiweza hapo hamia kwenye yidaki. Mwalimu wangu ni Myolngu anayefundisha kwa video, na yeye hakunianzisha na pumzi hata kidogo, alianza kwa kunitamkisha mdundo kwa mdomo mtupu bila chombo mpaka ulimi ushike, maana staili yao ni ya ulimi mkali na ile honi ya juu inayopulizwa kama tarumbeta ghafla katikati ya muungurumo. Kule magharibi kwenye mago honi hiyo kwa kawaida haipo. Pia alinifafanulia kitu ambacho kila anayenunua inabidi akijue, kwamba kwao yidaki inamsindikiza mwimbaji pamoja na bilma, vijiti viwili vya kugonganisha, na nyimbo za ukoo zina wenyewe, sio za kunakili ukaenda kupiga kwenye sherehe zako. Kwenye ibada wapigaji ni wanaume. Mimi napiga midundo ya mazoezi niliyopewa na inanitosha.

Kupiga didjeridu kunasemwa pia kunapunguza kukoroma, na mke wangu anasema nimepungua, mimi namwamini. Mwaka 2006 watafiti wa Uswisi walitoa utafiti kwenye jarida la utabibu la BMJ, walichukua watu 25 wenye shida ya pumzi kukatika usingizini, waliopiga didjeridu kwa miezi minne walipungukiwa na usingizi wa mchana kuliko wenzao waliokuwa wanasubiri zamu. Ni watu wachache hao, kwahiyo kama daktari amekupa mashine ya kusaidia kupumua usingizini usiiache.

Sasa matunzo, hapa kuwa makini. Mti umetoka kwenye joto lenye unyevu umekuja kwenye nyumba yenye hita, lazima ushtuke. Baridi ya kwanza yangu ilipata ufa mwembamba kama unywele karibu na chini na sauti ikafa palepale, ikawa inasikika hafifu na honi haitoki. Ukitaka kujua kama kuna ufa ziba chini kwa kiganja halafu puliza huku juu, hewa ikipenya utaisikia, na ukipaka mate juu ya mbao utaona mapovu yanapotokea. Nilisukumizia gundi ya mbao mpaka ikajaa, nikafunga kwa tepu kwa kukaza, nikaiacha ikauke, ikarudi vizuri kabisa. Tangu hapo inakaa mbali na hita na dirisha la jua, na kwenye gari siiachi hata dakika za kuingia dukani. Kabla ya kupiga namwagia maji yapite ndani yote halafu nayatoa, wapigaji wa kule nao wanafanya hivyo, maji yanaziba vitundu vidogo na sauti inakuwa kali. Kuna wanaopaka mafuta ya kitani ndani, mimi sijapaka. Mdomoni kama mbao inakukwaruza ongeza nta ya nyuki kidogo, na usichangie na mtu.

Kwa walioko Dar, Mombasa, Bujumbura wanaotaka kujifunza tu, msiagize hizo za mianzi. Nenda duka la vifaa vya ujenzi, chukua bomba la PVC la inchi moja na nusu, kata kama mita 1.3 utapata noti ya C ya chini, ukitaka sauti ipande kata fupi zaidi, piga msasa kingo, zungushia nta mdomoni mpaka tundu libaki sentimita 3. Jifunzie pumzi hapo, siku ukiishika ndo uagize yidaki kwa wenyewe.