Miezi mitatu bila kununua kitambaa: kipi kilifaa, kipi kiliniangusha

Karibuni, jamani. Huo mlio mnaousikia nyuma yangu ni pasi ya mvuke, niiache tu, tutaihitaji baadaye. Leo sichambui cherehani wala mkasi. Nachambua vilivyojaa kwenye haya masanduku mawili na nusu ya kabati: vitambaa nilivyovirundika miaka na miaka, kila kimoja nikikiambia, wewe siku yako inakuja. Nikajiwekea sharti. Miezi mitatu, hakuna kununua kitambaa hata robo mita. Uzi na sindano ruhusa. Kilichopatikana ndicho hiki mezani: magauni mawili, suruali nne za kichanga, bibu tisa, vitambaa vya begani vya kucheulia sijui vingapi, majoho mawili ya maigizo, na mkia mmoja wa simba ambao tutaufikia, msiwe na haraka.

Kila kitambaa nakipa alama juu ya kumi. Alama ni za kitambaa. Fundi tumsamehe.

Naanza na mshindi ili mwenye shughuli zake aondoke na jibu. Ni hili shuka. Najua, halivutii. Lina rangi ya maji ya kufulia na maua ambayo sasa ni vivuli vya maua. Lakini shikeni, basi tu hamwezi kushika. Ni pamba tupu, limefuliwa miaka mingi, na kwa nguo ya mtoto hakuna kitambaa kipya kwenye sanduku langu kilicholifikia. Sababu ni hii: pamba ikitoka kiwandani nyuzi zake zimevutwa, na dawa ya kuikazia bado imo. Ukiilowesha mara ya kwanza nyuzi zinalegea, zinarudi mahali pake, na kitambaa kinaruka, yaani kinapungua. Shuka hili lilisharuka zamani. Dawa ilishatoka. Nililolikata ndilo nililolipata, halikunidhulumu hata sentimita.

Sasa tazameni nikiliinua kwenye mwanga. Mnaona hapa katikati? Kama wavu. Hapo ndipo watu walipolalia. Pembeni lakini, kule kunakofungiwa chini ya godoro, bado zima kabisa. Suruali tatu nilizikata pembeni, ziko imara. Ya nne nilijifanya mjanja, nikasogea katikati ili kubana matumizi. Hii hapa. Imepasuka makalioni, na angalia vizuri: mshono haujaachia, kilichoachia ni kitambaa kando ya mshono. Uzi mpya wenye nguvu kwenye kitambaa kilichochoka unafanya kazi ya msumeno. Kwa hiyo 9, na alama moja nimeikata kwa sababu ya tamaa yangu mwenyewe.

Kinyume chake ni hili gauni la buluu. Pamba mpya, nzuri, ilikaa sandukuni imekunjwa kama zawadi. Nikasema naifua ya nini, ni safi. Nikakata, nikashona, nikaweka na bitana ya poliesta. Ufuaji wa kwanza tu, gauni lilipanda sentimita nne kwenye urefu wa mita moja. Bitana haikupanda, kwa sababu poliesta hairuki hivyo. Matokeo ndiyo haya: bitana inachungulia chini kama mtu anayesikiliza mlangoni. Nimelishusha pindo, nimeongeza ukanda wa hanamu, ule unaokatwa mshazari, bado mimi nikilivaa najua. Kitambaa 8. Mimi nipeni 3. Ukiwa na akiba nyumbani, kifue kitambaa siku unapokiingiza ndani, kabla hakijaonja sanduku, kwa maji yaleyale utakayofulia nguo. Ukingoja siku ya kukata utakuwa na haraka, na haraka haifui.

Mtu ataniuliza: nitajuaje kuwa ni pamba, na kipande hakina lebo? Moto. Chomoa nyuzi chache, shika kwa kibano cha chuma, fanya hivyo juu ya sahani ya bati yenye maji, na watoto wasiwepo chumbani. Pamba inawaka upesi, inanuka karatasi iliyoungua, inaacha jivu jepesi la kijivu. Sufu na hariri zinanuka nywele zilizoungua, na ukiondoa moto huwa zinajizimia zenyewe. Poliesta inajikunja, inayeyuka, na ikipoa inaacha punje ngumu nyeusi usiyoweza kuisaga kwa vidole. Mchanganyiko ndio unaosumbua, unakupa kidogo cha huku na kidogo cha kule. Kwa njia hiyo niligundua kwamba "hariri" yangu niliyoitunza kwa heshima zote ni poliesta mtupu. Tuliachana hapohapo.

Ndiyo hii nyekundu. Tuite jina lake, sateni ya poliesta. Nilishonea bibu nne kwa sababu inang'aa kwenye picha. Subirini nimwage kijiko cha maji. Mmeona? Yamesimama kidogo kama shanga, halafu yameteremka. Kwenye shingo ya mtoto yanateremkia wapi? Ndani ya nguo. Uzi wa poliesta karibu haunywi maji kabisa, sasa bibu isiyokunywa ni pambo tu. Alama 2, na hizo mbili ni za rangi.

Bibu zilizofanya kazi ni hizi tano zilizobaki. Mbele shuka, katikati kipande cha taulo lililozeeka, nyuma flisi, kile kitambaa chenye manyoya mepesi cha masweta. Flisi nayo ni poliesta, hainywi, ila ikikaa nyuma inachelewesha unyevu kufika kifuani. Ona sasa: tabia ileile iliyoiangusha sateni mbele ndiyo inayoifaa flisi nyuma. Na flisi haichambuki kingo, kwa hiyo hakuna kupiga ovaloki, unakata tu. Kila moja inataka kipande cha kama sentimita 25 kwa 35, yaani vile vibaki unavyoona haya kuvitupa. Flaneli niliiweka kwenye vitambaa vya kucheulia, inanyonya vizuri na ni laini shavuni. Flaneli 8. Angalizo lake moja ni kwamba yale manyoya ya juu hushika moto upesi, kwa hiyo sikuitumia kwa nguo ya kulalia.

Hapo kwenye watoto nisimame kidogo. Bibu zangu za kwanza kabisa, si hizi, zilikuwa na kamba za kufunga nyuma ya shingo. Siku hizi siweki kamba shingoni mwa mtoto. Naweka velkro, au kifungo cha kubonyeza, kitu kinachoachia kikivutwa. Vifungo vya kawaida vya kushonea navipenda sana, nina mkebe mzima, lakini kwenye nguo ya kichanga haviendi. Marekani wana silinda ya kupimia vitu vya watoto wa chini ya miaka 3, upana wake milimita 31.7: kitu kikiingia chote humo, kinaweza kumkaba. Kifungo kinaingia bila kupiga hodi. Ukitaka kipimo cha nyumbani tumia lile bomba la katikati ya karatasi ya chooni. Ni pana kidogo kuliko silinda yao, kwa hiyo litakuwa kali zaidi, na ukali hapa hauna ubaya.

Na kwa wanaoniomba nishone ile mito ya kuzungushia kitanda cha mtoto ili kumaliza vipande: sishoni. Huko Marekani ilipigwa marufuku kwa sheria mwaka 2022. Kichanga analala juu ya godoro lenye shuka lililobana, basi. Mto, blanketi lililolegea na mdoli vikae kando. Vipande vyako unganisha uwe mkeka wa kuchezea sakafuni, mtu mzima akiwa macho.

Haya, maigizo. Huku ndiko vitambaa vilivyofeli kwingine vinakofufuka. Sateni ile ile nyekundu, iliyopata 2 shingoni mwa mtoto, nimeifanya joho la mfalme. Tazameni inavyoanguka. Chini ya taa inaonekana ghali. Vazi la kuvaliwa mara tatu halihitaji kunywa maji wala kuvumilia kufuliwa kila siku, linahitaji kuonekana kutoka mbali. Kushona kwake ni vita, sitawadanganya. Inateleza, inachambuka ukiitazama vibaya, na kila tundu la pini linabaki. Nilitumia sindano nyembamba namba 70, pini nikazichoma ndani ya posho ya mshono tu, ile sehemu ya ukingoni inayobaki ndani, mahali ambapo tundu halitaonekana, na pasi ya moto mdogo juu ya kitambaa kingine. Pasi imepata moto, ngoja niwaonyeshe. Hapa nimeweka pamba katikati. Hapa nitaigusa moja kwa moja, sekunde tu... haya, mmeona ilivyojikunja. Kwaheri kipande. Joho 8.

Shingoni nimeweka velkro, si kamba. Mwenzake akimkanyagia joho kwa nyuma, linaachia, anaendelea na ufalme wake. Na joho la poliesta lisisogelee mshumaa, linayeyukia mwilini.

Joho la pili ni mahameli, rangi ya zambarau, na hapa kuna kosa ambalo kamera italiona kabla yenu. Nusu ya kushoto imeiva, nusu ya kulia imepauka. Kitambaa ni kimoja, kipande kimoja. Mahameli ina manyoya yaliyolala upande mmoja. Ukiipapasa kwenda chini ni laini, kwenda juu inakataa, na mwanga unaiona hivyohivyo. Mimi nilibana matumizi, nikakata nusu moja kichwa chini. Mahameli 7, na chora mshale wa chaki nyuma ya kila kipande kabla hujashika mkasi. Kodrai ni hivyohivyo.

Sasa simba. Manyoya ya shingo ni fulana za zamani. Kata jezi, yaani kitambaa hicho cha fulana kinachonyumbuka, mikanda ya sentimita mbili kwa upana, ukikata kuvuka mwili wa fulana, kisha vuta. Hivi. Unajikunja wenyewe kuwa kamba ya mviringo. Mikanda sitini, jioni moja mbele ya redio, na una simba. Sipendi kushona jezi ila hapa nilicheka peke yangu. Mkia nao nikaujaza vibaki vyote, nyuzi, makombo ya ovaloki, nikijisifu kwamba hakitupwi kitu. Vibaki vya kitambaa ni vizito kuliko unavyodhani. Mtoto alitembea hatua nne, suruali ikabaki nyuma. Mkia mtupu, wenye jezi mbili tu ndani, ndio uliokwenda jukwaani.

Jezi hiyohiyo kwenye kofia ya kichanga inafaa sana. Kichwa cha mtoto aliyezaliwa karibuni ni kama sentimita 35 kuzunguka. Kofia nikaitoa 32, inyumbuke ishike. Mwanzo cherehani iliruka mishono, ikaacha mapengo kama meno ya bibi, nikailaumu bure. Ilikuwa sindano. Jezi inataka sindano yenye ncha ya mviringo, inayopita kati ya nyuzi bila kuzitoboa, na zigizaga nyembamba ili mshono unyumbuke pamoja na kitambaa. Namba za sindano, kama hujawahi kuambiwa, ni unene wake katika mia za milimita: 70 ni milimita 0.70, 90 ni 0.90. Jinzi nilishonea 100, na sina la ziada kuhusu jinzi, inajijua. Jezi 7.

Lililobaki ni mkebe huu. Wengi wana akiba ya kitambaa na akiba ya uzi na lastiki wa umri huohuo. Lastiki hii niliitia kwenye suruali ya kwanza ya kichanga. Mpira wa ndani huchoka hata ukiwa umekaa tu bila kutumika. Vuta... inaenda, hairudi. Nimeifumua yote, nimenunua mpya, na sharti langu liliruhusu? Nilisema kitambaa, sikusema lastiki.

Na huu uzi wa pamba, wa kijani, mzuri kweli. Nausogeza karibu na maikrofoni, nauvuta, mnausikia ukikatika? Tak. Tena: tak. Utafungia mifuko ya vibaki. Alama sifuri kwa kushona, kumi kwa fundo.