Kitabu cha Ernest Cole kilinifikia kimelowa, na karani akakimaliza

Nilijiapiza nisiandike nikiwa na hasira. Wiki kadhaa zimepita, hasira haijapoa, basi naandika hivyo hivyo.

Wakala huyu wa mizigo ana ofisi hapa Mombasa, upande wa Mwembe Tayari. Jina silitaji. Haki yake nimpe: lenzi zangu mbili na taa za studio zililetwa naye, zikafika salama, na bei yake inavumilika. Laiti ningeandika kabla ya safari hii, ningempa nyota nne bila kusita.

Safari hii nilimwagizia kitabu. House of Bondage cha Ernest Cole, mpiga picha Mwafrika wa Afrika Kusini enzi za ubaguzi wa rangi, toleo jipya la 2022, lile lililoongezewa sura nzima ya picha ambazo hazikuwamo mwanzoni. Nilikingoja kama miezi miwili hivi, nikipiga simu kila Ijumaa kama mtu anayeulizia mgonjwa.

Nilipofika kuchukua, boksi lilikuwa sakafuni chini ya kiyoyozi, na kiyoyozi kinadondosha maji. Kona moja ya boksi imelainika kama mkate uliochovywa chai. Nikamwambia yule kijana wa kaunta, taratibu kabisa, "Mwanangu, usilifungue, nipe lilivyo." Akalifungua. Akatoa kitabu, akaona kurasa zimegandana, na kabla sijanyoosha mkono akazishika akazivuta. Traa!

Asiyejua mambo ya picha huenda asielewe. Karatasi ile ina ngozi juu, na wino umekaa kwenye ngozi. Ikilowa, ngozi ya ukurasa huu hushikana na ya ule, na ukivuta, inabanduka. Aliyoibandua ni picha ya machimboni: wanaume wamepangwa mstari, uchi, wameelekea ukuta na mikono juu, wanapimwa afya kabla ya kushushwa kuchimba dhahabu. Sasa watatu kati yao hawana migongo, ni weupe mtupu wa karatasi.

Nikanyamaza. Yeye ndiye aliyesema. "Mzee wangu, si ni picha za kitambo tu? Hata kwenye simu zipo."

Hapo ndipo nilipowaka.

Kijana, unajua picha ile ilipatikanaje? Cole aliingia machimboni na kamera ameificha ndani ya mfuko wa karatasi, wa chakula cha mchana. Angekamatwa, angeozea ndani. Alizaliwa Eersterust, Pretoria, mwaka 1940, jina la ukoo wake Kole. Akalibadilisha kuwa Cole, akafaulu kuandikishwa kuwa chotara, ili asilazimike kubeba pasi, kile kitambulisho alicholazimishwa Mwafrika kutembea nacho, na apate kupita mahali ambapo Mwafrika mweusi alikuwa akisimamishwa kila kona. Fikiria mtu akikana kabila lake mbele ya karani wa serikali, ili tu aweze kuwapiga picha watu wake! Mwaka 1966 akaondoka nchini kwa kisingizio cha kwenda kuhiji Lourdes, kule Ufaransa. Kitabu kikachapwa New York 1967, makaburu wakakipiga marufuku, naye hakuikanyaga tena nchi yake.

Pasi ile sisi huku Kenya, enzi za mkoloni, tuliiita kipande. Babu yangu mzaa baba alikivaa shingoni ndani ya kijisanduku cha bati, na hadi anakufa alisema kilimfanya ajione mbuzi mwenye kengele. Hakupigwa picha nacho hata moja. Ndiyo maana kila nikiona picha za Cole za polisi wakidai pasi barabarani, mtu amesimama anapekua mifuko yake huku watu wakipita, namwona babu. Sikuzitaka kwenye simu. Nilizitaka karatasini, niwakalishe wajukuu niwafunulie.

Nililalamika kwa meneja. Akanisikiliza kwa adabu, hilo sikatai, akanipa kiti na soda. Akaniambia watanirudishia nauli ya mzigo. Bei ya kitabu, la, kwa sababu "kimefika". Nikatoka nikiwaza kuwapa nyota mbili, kwa ajili ya ile adabu. Nilipofika nyumbani nikakifungua tena, nikawaona wale watatu wasio na migongo, nikazifuta. Moja. Na ingekuwapo pungufu ya hiyo ningeiweka.

Kitabu chenyewe, kinunue. Hata kama ni kitu kimoja tu utanunua mwaka huu. Mimi napiga picha za harusi na za pasipoti kwa miaka mingi, na sijaona jicho kama lile. Kuna picha ya mtoto amechuchumaa katika darasa lililofurika, jasho linamtiririka, macho hayabanduki mbele. Hakuna dawati. Hiyo imesalimika, namshukuru Mungu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba Cole huyu alipotelewa na kazi yake akiwa hai. Alimalizia maisha ugenini, New York, kuna nyakati hana pa kulala. Akafa Februari 1990 kwa saratani, siku 8 baada ya Mandela kutoka gerezani, akiwa na miaka 49. Negativu zake, zile filamu ambazo picha husafishwa kutoka kwazo, zaidi ya 60,000 zilijitokeza 2017 katika benki moja Stockholm, ndipo jamaa zake wakakabidhiwa. Zimekaa miaka yote hiyo gizani, kavu. Halafu nakala yangu moja inashindwa siku chache tu chini ya kiyoyozi cha Mwembe Tayari.

Zimebaki kurasa mbili ambazo bado zimegandana. Najua ni za treni, za abiria waliojazana hadi milangoni. Nimezitia karatasi za kunyonya maji kila upande na kuzilalia na vigae viwili vizito. Kila asubuhi naviinua, nagusa kona kwa ukucha, navirudisha. Kuvuta sijathubutu.