Beringi mbadala za konrodi kwa 4A-GE ya mbavu tatu: uzoefu wangu

Injini ya gari langu, Toyota 4A-GE, ilianza kugonga kidogo kidogo, tena ikishapata moto tu. Asubuhi kimya kabisa. Baada ya mwendo wa nusu saa, nikiachia pedeli ya mafuta kwenye mteremko, nasikia ko-ko-ko kutoka chini, na taa ya oili inapepesa gari likiwa limesimama linaunguruma. Fundi akaegemeza bisibisi kwenye bloku, akaweka sikio kwenye mpini, kisha akachomoa waya wa plagi ya silinda ya tatu. Mlio ukapungua pale pale. Akaniangalia, akasema, "Kaka, hii ni konrodi. Usiliwashe tena mpaka tufungue."

Konrodi ni mkono unaounganisha pistoni na krenki, ile shafti inayozunguka chini ya injini, na beringi yake ni vipande viwili vya nusu duara vinavyokaa kati ya mkono huo na krenki. Tuliposhusha sampu, bakuli la oili la chini, na kufungua kofia ya konrodi ya tatu, beringi ilikuwa imekwisha. Ile ngozi ya kijivu ya juu ilikuwa imelika, shaba imetokeza, na upande mmoja una michirizi inayokwaruza ukipitisha kucha. Tatu zilizobaki zilikuwa zimechoka lakini hazijafika huko. Bahati kubwa, shingo ya krenki yenyewe, yaani pale konrodi inaposhika, ilikuwa bado inang'aa.

Hapo ndipo kazi ya kutafuta ilipoanza. Gari ni la zamani, injini ni Toyota 4A-GE ya toleo la mwanzo, na seti halisi yenye namba ya Toyota sikuipata kila nilikouliza. Muuzaji wa kwanza alinihakikishia kwamba anazo mbadala: "4A-GE, hizi hapa, zinaingia zote." Boksi lilikuwa limeandikwa 4A-GE kweli. Tulipojaribu kuweka kipande kwenye konrodi, kikagoma, kikabaki kimetokeza pande zote mbili. Lebo haikudanganya jina. Ilinyamazia jambo moja tu: 4A-GE ziko za krenki mbili tofauti. Za mwanzo zina shingo za konrodi za milimita 40. Kuanzia mwaka 1987 hivi Toyota walinenepesha, wakaenda milimita 42, na bloku ikaongezwa mbavu. Ukichungulia mwili wa bloku utaziona: tatu kwa ile ya zamani, saba kwa ile ya baadaye. Yangu ina mbavu tatu. Nilikuwa nimeuziwa beringi za mbavu saba, na kuzirudisha kulinigharimu majibizano ya wiki nzima.

Tangu siku hiyo niliacha kuuliza kwa jina la injini. Nilichukua mikromita, kipimo cha unene cha usahihi mkubwa, nikapima mwenyewe. Kila shingo niliipima sehemu nne: wima na mlalo, mwanzoni na mwishoni, kwa sababu shingo iliyolika huwa kama yai na mara nyingine imekonda upande mmoja. Zangu zilisoma milimita 39.99, na tofauti kati ya vipimo haikuzidi 0.01. Kisha nikafunga kofia kwenye konrodi bila beringi, nikakaza kwa spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza, nikapima tundu kwa ndani: 43.01. Upana wa beringi ya zamani nikaupima pia, na mahali ulimi wake ulipo. Namba hizo tatu ndizo zinazotafuta beringi: kipenyo cha shingo, kipenyo cha tundu la konrodi, na upana. Katalogi za watengenezaji wa beringi zina kurasa za vipimo, na humo unaweza kukuta injini nyingine kabisa inatumia kipande kile kile. Kama konrodi yako ina kitundu cha kurushia oili, hakikisha na kipande cha juu kina kitundu mahali pale pale, la sivyo umeziba njia.

Seti niliyoishia kununua ni ya Taiho, kiwanda cha Kijapani ambacho kimeitengenezea Toyota beringi kwa miaka mingi. Ni za tabaka mbili, chuma nyuma na aloi ya aluminiamu mbele. Zilikuwepo pia za tabaka tatu, zenye shaba katikati na ngozi laini juu, na watu wa mashindano wanazisifu kwa sababu zinabeba mzigo mkubwa na kumeza uchafu mdogo bila kukwaruza krenki. Ila ngozi yake ni nyembamba sana, na mimi gari hili naendea kazini kila siku. Nilichagua aluminiamu na sijajuta.

Boksi lilikuwa na vipande vinane, kila kimoja kimefungwa kwenye karatasi yenye mafuta, bila doa wala mkwaruzo. Unene wa kila kipande ulisoma 1.49. Ukitoa unene mara mbili na kipenyo cha shingo kutoka kwenye tundu, inabaki 0.04, ambayo ndiyo nafasi ya oili. Hesabu ya mikromita peke yake siiamini, kwa sababu kosa dogo kwenye unene linahesabika mara mbili. Kwa hiyo tulitumia plastigeji, ule uzi laini wa nta ya kijani unaoulaza kwenye shingo, unakaza kofia, unafungua, kisha unalinganisha upana wa uzi uliobondeka na mistari kwenye karatasi yake. Tulikuwa waangalifu krenki isizunguke hata kidogo uzi ukiwa ndani. Konrodi zile nyingine zote zilitoa 0.038. Ile ya silinda ya tatu, iliyokuwa inagonga, ilitoa kati ya 0.038 na 0.051. Kitabu cha injini kinataka 0.020 hadi 0.051, na mwisho kabisa ni 0.08. Nilipoona ule uzi umelala sawasawa mwanzo hadi mwisho, nilishusha pumzi.

Malalamiko yangu kwa seti hii ni mawili. Toyota hupanga beringi zake za standadi, yaani za krenki isiyochongwa, kwa madaraja ya unene, namba 1, 2 na 3, tofauti zikiwa ndogo mno, ili uchague kulingana na namba iliyogongwa kwenye kofia. Mbadala hizi zilikuja daraja moja tu. Ningekuwa na namba 3, iliyo nene zaidi, ya konrodi ile moja, ningeibana zaidi. Pili, ndani ya boksi hakuna karatasi yoyote ya maelezo, hata torki.

Fundi alipendekeza tuweke kipande cha foili nyuma ya beringi ya konrodi ya tatu ili ikaze. Ni fundi mzuri na ninamheshimu, lakini hapo nilikataa kabisa. Mgongo wa beringi unatakiwa kulala kwenye chuma mkavu na msafi, bila oili wala karatasi, maana joto la beringi linatoka kwa kupitia huko. Vivyo hivyo kupiga faili kofia: unaharibu uduara wa tundu, na haurudi. Kama shingo imelika, dawa ni kuchonga krenki na kununua beringi nene zaidi, saizi ya milimita 0.25 au 0.50, zile ambazo mafundi wanaziita teni na twenti kwa hesabu ya inchi. Na beringi hizo zisinunuliwe kabla krenki haijatoka kuchongwa na kupimwa.

Kabla ya kufunga sampu tulitafuta kilichoua beringi ya kwanza. Kwenye chujio la pampu ya oili tulikuta vipande vya silikoni, vile vinavyobaki mtu akipaka gasketi kwa wingi. Vilikuwa vimeziba karibu nusu ya wavu. Nilivitoa kimoja kimoja kwa kibanio. Bila hivyo, hata beringi bora duniani ingefuata ile ya zamani.

Wakati wa kuwasha tulichomoa umeme wa plagi kwanza, tukazungusha kwa stata mpaka taa ya oili ikazimika, ndipo tukaiacha iwake. Nilibadilisha oili na filta baada ya kilomita 500 na kukata filta ya zamani kwa msumeno ili nione ndani. Hakukuwa na unga wa chuma. Sasa imefika kilomita 6,000. Mteremko ule ule, pedeli nimeachia, kioo nimeshusha: nasikia matairi tu. Nazipa nyota nne kati ya tano.