Sola laini ya wati 100 kwenye boti ya dagaa

Nina boti ya dagaa pale Kunduchi. Tangu tuachane na karabai tunatumia taa za LED na betri mbili, kwa hiyo sola isipochaji mchana, usiku hatutoki. Hii ninayoisifia ni sola laini ya wati 100, inayokunjika kama mkeka. Niliinunua Kariakoo kwa shilingi 420,000, na tangu Oktoba iko juu ya paa la boti.

Kabla ya bei, uliza ndani kuna nini. Sola laini nyingi ni vipande vya silikoni ya kawaida vilivyobandikwa kwenye plastiki. Niliwahi kuwa nayo hiyo. Vijana waliikanyaga wakivuta nyavu, vipande vikapasuka ndani kwa ndani, umeme ukashuka hadi nusu. Hii ya sasa ni utando wa shaba, indiamu, galiamu na seleniamu. Mchanganyiko huo hunyonya mwanga upesi mno, kiasi kwamba unene wa maikromita 2 au 3 unatosha, wakati kipande cha silikoni hukatwa kwa zaidi ya maikromita 100. Ndiyo maana unakunjika usivunjike.

Adui yake ni unyevu. Mvuke ukipenya, tabaka la oksidi ya zinki linalopitisha umeme kwa juu linaharibika, na sola inafifia polepole. Muuzaji aliniwekea mbili mezani, akaniambia nipitishe kidole pembeni. Moja ilikuwa na mapovu kwenye gundi. Nyingine imezibwa upana wa vidole viwili. Yenye mapovu ilipungua bei kwa elfu tisini, na yeye mwenyewe akanikataza: "Kaka, yako inaenda kwenye chumvi." Namshukuru sana kwa hilo.

Saa saba mchana, Februari, chaji kontrola, kile kifaa kinachosimamia umeme wa sola kwenda kwenye betri, inasoma wati 78 hadi 82. Zile 100 za kwenye lebo zilipimwa sola ikiwa na nyuzi 25, na paa la boti Dar wakati huo huwezi hata kuliwekea mkono. Siku za mawingu ya masika napata 30 hivi.

Soketi za nyaya ndizo zilizoniangusha: zimeota kutu ya kijani mwezi wa tano, nikazikata na kufunga nyingine kwa grisi. Kila mbalamwezi inapotupumzisha, maana taa hazivuti dagaa vizuri, naimwagia maji baridi kuondoa chumvi, kisha nakagua kingo zote nne. Mpaka jana sijaona povu.