Uzoefu wangu wa kukausha silika jeli nyumbani, Dodoma

Silika jeli, yaani punje ngumu zinazofyonza unyevu, naitumia kuhifadhi mbegu za bamia, mlenda na mchicha ninazovuna bustanini kwangu Nkuhungu. Baada ya misimu kadhaa ya kuikausha na kuirudisha kazini, naipendekeza kwa moyo wote, mradi mnunuzi awe na mizani ya jikoni.

Niliyonunua ni ya punje za rangi ya machungwa, ambazo hugeuka kijani kadiri zinavyofyonza unyevu. Rangi hiyo inasaidia, lakini mimi huamini uzito zaidi. Juu ya kopo nimeandika gramu 500, yaani uzito wa punje zikiwa kavu. Mizani ikisoma 575, najua zimebeba gramu 75 za maji na zinahitaji moto. Maji hayo hayaunguzi wala hayayeyushi chochote, bali hushikamana na kuta za vitundu vidogo mno vilivyomo ndani ya kila punje, na joto likizidi huachia na kutoka kama mvuke. Ndiyo maana punje zilezile hutumika tena na tena.

Majirani huniuliza kwa nini nisizianike tu, kwa kuwa jua la Dodoma ni kali. Nimejaribu kuzianika juu ya bati wakati wa kiangazi, na uzito ulipungua kidogo kisha ukagoma, kwa sababu hewa yetu, hata ikiwa kavu kiasi gani, bado ina unyevu ambao punje huendelea kuunyonya. Kinachofaa ni oveni ya nyuzi 110 hadi 120 za Selsiasi, punje zikiwa zimetandazwa kwenye trei kwa tabaka jembamba, kwa muda wa saa mbili hivi au mpaka uzito uache kushuka. Joto likipita hapo, rangi huungua na punje huwa za kahawia, ingawa bado hufyonza. Sufuria yenye mchanga juu ya jiko la mkaa, ile tunayookea keki, inaweza kufanya kazi hiyo, ila bila kipimajoto nisingemshauri mtu.

Zikishakauka, zisiachwe wazi zipoe, hasa kati ya Desemba na Aprili mvua zinaponyesha, kwani zitaanza kunyonya upya papo hapo. Mimi huzimimina zikiwa bado na uvuguvugu kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko unaobana, na mbegu huziweka humo baada ya punje kupoa kabisa, kwa kuwa joto huua kiini cha mbegu; huziweka zikiwa katika mfuko wa kitambaa na kwa uzito unaolingana na wa punje.

Wauzaji wengine wana punje za buluu zinazogeuka waridi. Hizo hupakwa kloridi ya kobalti, ambayo ni sumu na vumbi lake linahusishwa na saratani, kwa hiyo kwa nyumba yenye watoto na mbegu za chakula ni bora kuchagua za machungwa au nyeupe.